Damu ya Mgonjwa Imrudie Mwenyewe

Mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5. Akitokwa na lita 2 upesi, maisha yake yamo hatarini. Lakini mgonjwa aliyepasukwa na mshipa ndani ya tumbo, damu yake imekwenda wapi? Imo mle mle tumboni. Je, haiwezi kumrudia?

Yaweza. Mwaka 1914 daktari Thies wa Ujerumani alieleza jinsi alivyowatibu hivyo wanawake waliopasukwa na mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hospitali nyingi za Afrika zimeifuata njia hiyo. Damu huchotwa kwa chombo safi kisicho na vijidudu, huchujwa kwa shashi, hutiwa katika chupa yenye dawa ya kuizuia isigande, kisha hurudishwa mshipani.

Katika hospitali kubwa, madaktari wanapopasua mshipa mkuu utokao moyoni, kazi hiyo hufanywa na mashine. Huifyonza damu, huizungusha kwa kasi mpaka chembe nyekundu zijitenge, huziosha kwa maji ya chumvi, halafu chembe hizo humrudia mgonjwa.

Faida yake ni wazi. Damu ya mtu haigombani na mwili wake mwenyewe, wala haimletei ugonjwa wa mtu mwingine. Lakini ikichanganyika na uchafu wa matumbo, hairudishwi. Tena mashine huosha na kuondoa vitu vinavyogandisha damu. Kwa hiyo aliyepoteza nyingi sana bado atahitaji msaada wa wenzake.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Kasese. Bwera iko karibu na mpaka wa Kongo, na benki ya damu ya mkoa iko Fort Portal, mbali kuliko kilomita 100. Waswahili husema akiba haiozi, lakini akiba ya damu huharibika: kwa kawaida chembe nyekundu hudumu siku 35 tu. Katika Uganda watoaji wengi ni wanafunzi, na shule zikifungwa akiba hupungua, ingawa wagonjwa hawana likizo.

Mimi nina miaka 19, nami nimekwisha kutoa. Enyi mliomaliza masomo hapa, sisi tukienda likizo, shikeni zamu ninyi.