Kabla ya Kununua Pampu, Pima Msukumo Unaopotea Bombani

Watumiaji wengi, waonapo maji yakitoka kidogo katika koki ya jikoni, hukimbilia kununua pampu. Twawashauri kwanza walichunguze bomba, kwani huenda kasoro imo humo.

Maji yapitapo bombani husuguana na kuta zake, na msukumo wake hupungua kadiri yanavyosafiri. Upotevu huo huzidi bomba likiwa refu, likiwa jembamba, au likiwa na kona nyingi. Kipenyo ndicho chenye athari kubwa zaidi: kwa kiasi kilekile cha maji, kipenyo cha ndani kikipunguzwa kwa nusu, upotevu huongezeka takriban mara 30.

Wahandisi huukadiria upotevu huo kwa programu za kompyuta. Mojawapo ni EPANET, iliyotolewa mwaka 1993 na Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, nayo hupatikana bila malipo. Huingizwa urefu wa bomba, kipenyo cha ndani, ulaini wa kuta, kimo cha tangi na cha koki, na kiasi cha maji kinachohitajika.

Tuchukue mfano. Maji ya tangini yako mita 6 juu ya koki, bomba la plastiki lina urefu wa mita 60, na kaya yahitaji lita 18 kwa dakika. Kipenyo cha ndani kikiwa milimita 15, msuguano pekee wadai kimo cha takriban mita 13.6, ilhali zipo 6 tu. Programu itaonyesha msukumo ulio chini ya sifuri, yaani kiasi hicho hakitafika. Kipenyo kikiwa milimita 25, hupotea takriban mita 1.1 tu, na pampu haihitajiki.

Hata hivyo, matokeo hayawezi kuwa sahihi kuliko vipimo vilivyoingizwa. Mabomba ya polithini huuzwa kwa kipimo cha nje. Lililoandikwa milimita 25 lina nafasi ndogo zaidi ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe fundi akuoneshe kwa maandishi:

1. kipenyo cha ndani na urefu wa bomba;
2. kiasi cha maji alichokikadiria;
3. msukumo utakaobaki kwenye koki iliyo mbali au juu zaidi.

Aidha, usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtandao wa umma: huwapunguzia majirani maji, na yaweza kuvuta uchafu kupitia mahali panapovuja.