Somo: Kumshukuru Aliyemtibu Mnyama Wako

Ndugu wasomaji, somo letu la leo lahusu shukrani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa mtu asiyewashukuru watu huwa hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Wengi wetu hudhani neno hili lamhusu tu aliyetupa fedha, au chakula, au aliyetusitiri katika msiba. Sisi twataka kubainisha kuwa lamwingia pia yule aliyemtibu mnyama wetu asiyeweza kusema, na kwamba katika jambo hili tumezembea sana.

Natutoe mfano ili mas'ala yafahamike. Tuchukulie kuwa nyumba moja ya ndugu zetu waliohamia Nairobi, pale Kawangware 56, penye msongamano wa watu, mikokoteni na magari ya abiria, wana paka wao, naye akagongwa na pikipiki, mguu ukavunjika. Majirani wakusanyika, kila mmoja na shauri lake. Wa kwanza asema: huyo ni paka tu, mtupeni jaani. Wa pili aleta kidonge cha Panadol amtulize maumivu. Wa tatu ataka afungwe hirizi, kwani kwake yeye hilo ni jicho la hasidi. Wa nne amfunika kwa kipande cha kanga asije akauma kwa uchungu, amtia katika boksi lenye matundu, na kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Wa kwanza amekosa huruma. Mtume ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie riziki. Na ametueleza pia mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu akamtekea maji kwa kiatu chake. Wa tatu ameacha sababu aliyoiweka Mungu akashika karatasi isiyounga mfupa. Ama wa pili, nia yake ni njema lakini ujinga wake waua: ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, na kidonge kimoja tu chaweza kummaliza. Hapa twajifunza kuwa huruma bila ya elimu haitoshi.

Wa nne ndiye aliyepata. Na karibu na Kawangware kuna Kabete, penye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mafunzo hayo yalihamishiwa huko kutoka Makerere mwaka 1962. Na huko Karen iko jumuiya ya Kenya ya kuwalinda na kuwatunza wanyama, KSPCA, iliyoasisiwa mwaka 1910.

Tena natutazame kazi ya daktari, kwani ni vigumu kushukuru usichokijua. Mwenye paka huona mguu uliovunjika. Daktari hauanzi mguu. Hutazama kwanza pumzi, kwa kuwa aliyegongwa huenda mapafu yakawa yameumia. Hutazama rangi ya ufizi, apate kujua kama damu yavuja ndani. Hupapasa kibofu asije akawa kimepasuka. Humtuliza maumivu kwa dawa inayomfaa paka. Yakisha hayo ndipo humpiga picha ya mifupa, na huenda akamlaza usingizi ili aunge mfupa kwa chuma, kisha mnyama hukaa wiki kadhaa akiangaliwa. Kazi yote hii yafanywa kwa mgonjwa anayekwaruza na kuuma, asiyeweza kueleza auguacho wala kusema ahsante. Basi ni nani wa kuisema badala yake ila mwenyewe?

Lakini wako wanaoizuia shukrani hii, nao wana hoja tatu.

Ya kwanza, wasema: aliyeponya ni Mungu, daktari ana nini? Twajibu: ni kweli aponyaye ni Mungu, na daktari ni sababu aliyoiweka Yeye. Mvua yatoka kwa Mungu, wala hilo halikuzuii kumshukuru aliyekuchotea maji.

Ya pili, wasema: nimemlipa, haki yake imekwisha. Twajibu: ujira ni malipo ya kazi, na shukrani ni malipo ya wema. Fedha haikumnunua yule aliyekesha na mnyama wako.

Ya tatu, wasema: huyo si Muislamu. Hoja hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mut'im bin Adiyy alimpa Mtume himaya katika mji wa Makka, naye akafa katika ushirikina. Baada ya vita vya Badr, Mtume alisema kuwa lau Mut'im angekuwa hai akawaombea mateka wale, angaliwaacha kwa ajili yake. Ikiwa Mtume hakuusahau wema wa mshirikina, sisi ni nani hata tuusahau wa jirani?

Maulamaa wamesema kuwa shukrani ni ya moyo, ya ulimi na ya viungo. Ya moyo ni kuujua wema na kutoudharau. Ya ulimi ni kumwambia daktari ahsante mbele ya watu, na kuwajuza wengine mahali alipo. Ya viungo ni kutenda: kufuata maagizo yake, kulipa deni lake kwa wakati, kutoa sadaka atibiwe mnyama wa maskini, na kuwachanja paka na mbwa kichaa cha mbwa kabla ya msiba. Ugonjwa huo, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, ni nadra mno kupona. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha akimbilie hospitali.

Na hapa, ndugu zetu wa pwani, pana jambo la kututia haya. Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliandika kuwa katika haki za mnyama juu ya mwenyewe ni kumgharimia hata akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena. Elimu hiyo imo vitabuni mwetu zaidi ya miaka 700. Hata hivyo, punda wetu wa Lamu, wanaobeba mawe na mchanga wa nyumba zetu, walifunguliwa hospitali yao mwaka 1987 na jumuiya ya Uingereza aliyoiasisi Bibi Elisabeth Svendsen. Twamshukuru, na ni wajibu. Lakini shukrani iliyo kamili ni kuufuata wema ule kwa wema mfano wake. Tuna wakfu za misikiti na za visima. Hatuoni la kutuzuia kuweka fungu dogo la kumlipia daktari wa mifugo.

Basi kila mwanafunzi wa darasa hili na ajiulize: ni nani aliyemtibu mnyama wa nyumba yetu, na je, tulimshukuru? Kama bado, na aende kesho. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika waja wake wenye kushukuru. Amin.