Kifaa cha kupandikiza kitamrudishia baba macho?

Swali: Daktari, presha ya macho imempofusha baba. Tumesikia Marekani wanapandikiza kifaa jichoni na kipofu anaona. Tuanze kuchangishana?

Jibu: Msianze. Nadhani mmesikia habari za Argus II, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Kamera iliyo kwenye miwani hunasa picha, kikompyuta cha kuvaa huigeuza kuwa ishara, na ncha 60 za umeme zilizobandikwa kwenye retina huzisisimua seli zilizosalia. Aliyewekewa haoni sura ya mjukuu wake. Huona vimulimuli, kisha hujifunza taratibu kwamba pale ni mlango, hapa ukingo wa meza.

Tena kilikusudiwa watu ambao seli zao za kupokea mwanga zimekufa ila mshipa wa jicho ni mzima. Presha ya macho huua mshipa wenyewe. Mtabadilisha balbu na waya umekatika. Kwa wagonjwa kama baba, watafiti wanajaribu kuusisimua ubongo moja kwa moja. Bado ni majaribio. Na Argus II kiliacha kutengenezwa mwaka 2019, kikiwa tayari machoni mwa watu!

Ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Wewe na ndugu zako mkapimwe macho mwezi huu.