Bidhaa ya Mkono Si Lazima Iwe Rafiki wa Mazingira: Maswali Matatu ya Kumwuliza Muuzaji

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Anayekiuka sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, kufungwa jela mwaka mmoja hadi minne, au yote mawili. Tangu wakati huo mnunuzi amehitaji chombo kingine cha kubebea mzigo, na kiondo ni miongoni mwa vyombo vinavyomfaa.

Katika maonyesho ya bidhaa za mazingira, viondo hupangwa kando ya vibuyu, sabuni, asali na makaa ya briketi. Vingi vimetengenezwa kwa mkono. Hata hivyo, kazi ya mkono peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba bidhaa haidhuru mazingira. Maswali matatu humsaidia mnunuzi kutambua tofauti.

1. Imetengenezwa kwa nini?

Viondo viwili vinaweza kufanana kwa umbo na rangi, kimoja kikawa cha mkonge na kingine cha uzi wa nailoni. Nailoni ni plastiki. Kiondo chake ni imara na hutumika miaka mingi, lakini kikichakaa hakiozi.

Njia rahisi ya kutambua ni kumwomba msusi kipande kidogo cha uzi uliobaki na kukichoma mahali salama, mbali na bidhaa. Uzi wa mkonge huungua kama karatasi na kuacha majivu. Uzi wa nailoni huyeyuka, kisha hugeuka tone gumu. Mifuko mingi inayoonekana kama ya kitambaa nayo hutengenezwa kwa polipropileni, ambayo pia ni plastiki.

2. Imetengenezwa vipi?

Mkonge humea vizuri katika maeneo makavu kama Mbeere, na hauhitaji maji mengi. Lakini katika jani lake, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito. Sehemu kubwa inayobaki ni maji na nyama ya jani. Mabaki hayo yakitupwa mtoni huchafua maji na kudhuru samaki. Yakikaushwa na kuchanganywa na takataka nyingine za shamba, huweza kuwa mboji. Kwa hiyo ni vyema kumwuliza muuzaji mkonge ulichakatwa wapi, na maji ya rangi yalimwagwa wapi.

Ndivyo ilivyo kwa makaa pia. Briketi za maganda ya kahawa au makadamia, mazao yanayolimwa Manyatta na Runyenjes, hutumia kitu ambacho kingetupwa. Briketi za vumbi la makaa yaliyotokana na miti iliyokatwa ovyo hazina sifa hiyo.

3. Itaishia wapi?

Kibuyu kikivunjika hurudi kuwa udongo. Kiondo cha mkonge nacho huoza. Sabuni ya mkono iliyofungwa kwa plastiki huacha plastiki nyumbani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, zinazooza kando na zisizooza kando. Mnunuzi anayejua bidhaa itaishia upande gani huwa ameanza kutenganisha taka kabla hajafika nyumbani.

Bei na haki ya msusi

Uzi wa nailoni hununuliwa dukani ukiwa tayari. Mkonge hukatwa, huparuzwa, huoshwa, hukaushwa na kusokotwa kabla kazi ya kusuka haijaanza. Viondo vyote viwili vikinunuliwa kwa bei moja, msusi wa mkonge hupata hasara ya siku kadhaa, na mwishowe atahamia nailoni ili alishe watoto wake. Mnunuzi anayedai bidhaa safi kisha akapunguza bei hadi ya nailoni humsukuma msusi huko huko.

Muuzaji naye ana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Kiondo cha nailoni kina wateja wake na hakuna ubaya kukiuza, mradi kiitwe kwa jina lake. Kibandiko kidogo kinachotaja malighafi, mahali ilikotoka na kikundi kilichosuka kinatosha kumjulisha mnunuzi, na pia humpa msusi wa mkonge sababu ya kutetea bei yake.

Kabla ya kulipa, mnunuzi akumbuke:

• Kuuliza malighafi, na kutazama nyuzi kwa karibu.
• Kuuliza mabaki na maji ya rangi yalipelekwa wapi.
• Kukataa kifungashio cha plastiki kisichohitajika.
• Kuuliza kazi ilichukua siku ngapi, kabla ya kuomba kupunguziwa bei.