Somo: Nusu Saa ya Kupumzika



Somo letu la mara hii ni juu ya kupumzika. Wengine watacheka na kusema hilo si somo. Sisi tunaozunguka viwandani Mbarara na kwenye migomba ya Isingiro tumeona kwamba wengi hawajui haki hiyo, na anayeijua hathubutu kuitumia.

Siku moja tulikaa Nakivale na vibarua wa kupakia ndizi. Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyotambuliwa rasmi 1960. Wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Leo wengi ni Wakongo, na wapo Warundi, Wasomali na wengine, ndiyo maana mkutano ulikwenda kwa Kiswahili. Vibarua hao hulipwa kwa kila mkungu unaofika juu ya lori. Tulipouliza wanapumzika saa ngapi, mama mmoja akajibu: "Ndugu zangu, nikikaa chini, mkungu wangu utabebwa na mwingine."

Tukanyamaza. Hakuna mnyapara anayemkataza mama huyu kukaa. Malipo yenyewe ndiyo mnyapara. Tena mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, ukapunguzwa tena 2021. Aliyepungukiwa posho huongeza kazi: wiki nzima kwenye lori, Jumapili kwenye kishamba chake.

Sasa tuangalie sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inasema saa za kazi za kawaida zisizidi 48 kwa wiki. Mtu asifanyishwe kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila siku ya kupumzika. Afanyaye saa 8 kwa siku apewe nusu saa ya mapumziko. Kila miezi 4 ya utumishi huzaa siku 7 za likizo yenye malipo, yaani 21 kwa mwaka. Mambo haya yalipiganiwa. Wafanyakazi wa Chicago walidai saa 8 mwaka 1886, na damu ikamwagika. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, ulikuwa juu ya saa za kazi viwandani.

Kuna asemaye: mimi mkimbizi, hayo si yangu. Sivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Na kibarua aliyeajiriwa miezi 4 mfululizo anastahili mkataba wa maandishi, kwa kanuni za 2011.

Katika kiwanda kimoja Mbarara tuliitwa asubuhi. Kijana wa zamu ya usiku alikuwa ametia mkono kwenye mkanda wa mashine saa kumi na moja alfajiri. Hakuwa amekaa chini tangu saa mbili usiku. Vidole viwili vilikwenda. Kitabu cha zamu kiliandika neno moja: uzembe. Sisi tulisoma neno hilo mara mbili, kisha tukauliza nani aliandika saa za mapumziko ya usiku ule. Hazikuandikwa popote. Mtu aliyechoka huona mashine, lakini mkono wake huchelewa kumtii. Hayo si uzembe.

Kupumzika ni kukaa, kunywa maji, kula, kuacha mgongo unyooke. Nusu saa ya kuinamia simu kuhesabu madeni haihesabiki sana, ingawa hata sisi viongozi tuna ugonjwa huo, na tunakula tukitembea.

Kwa wapakiaji wale tulishauriana hivi: asikae mmoja, wakae wote. Wote wakikaa, hakuna wa kuubeba mkungu wa mwenzake. Siku ya kwanza dereva alipiga honi, na wawili wakainuka kabla ya dakika kumi. Hatukuwalaumu, wana watoto. Wiki ya pili lori lilingoja nusu saa nzima, na mikungu iliyopakiwa ilikuwa ileile. Mama yule alilala chini ya mgomba, kanga usoni.

Kwenye matawi mjadili: kazini kwenu ni nani hupoteza fedha akikaa chini, na ni nani aliyepanga iwe hivyo? Kamati ilete majibu kwa maandishi, pamoja na saa halisi za zamu, si zile zilizobandikwa ukutani.