Kamera Mbele ya Kiota: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Nyanda za Kati

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kazi za wapiga picha wa jiji hilo zimepanuka. Waliozoea mahafali, harusi na vikao vya Bunge sasa huagizwa picha za kalenda, vipeperushi vya utalii na taarifa za mazingira, na katika maagizo hayo ndege na makinda yao hawakosekani. Ni kazi halali na ina soko. Hata hivyo inatofautiana na kazi nyingine za kamera kwa jambo moja: anayepigwa picha hana namna ya kukataa, na kosa la mpiga picha hulipiwa na kinda.

Bahari iko mbali na nyanda za kati, lakini mazalia ya ndege wa majini yako karibu. Magharibi mwa jiji kuna bonde la Bahi, unakoishia Mto Bubu. Singida mjini kuna maziwa ya Singidani na Kindai, na kaskazini-magharibi zaidi liko Ziwa Kitangiri pamoja na tambarare za Wembere, ambako katika miaka ya mvua nyingi yangeyange, mnandi na korongo hujenga viota kwa makundi makubwa. Mpiga picha akishapata jina huenda akatumwa mbali zaidi: Ziwa Natron mkoani Arusha, eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 2001 na mazalia makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki, au Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kusini-mashariki mwa Unguja ambako buabua hutaga juu ya ardhi tupu. Mazingira yanatofautiana sana, lakini msingi wa kazi ni mmoja: mzazi asiondoke kiotani kwa sababu ya kamera.

Sababu ya kwanza ya msingi huo ni jua. Kinda la mnandi au la mwari huanguliwa likiwa uchi, bila manyoya, na kwa siku zake za mwanzo haliwezi kudhibiti joto la mwili wake. Mzazi anayesimama kiotani akiwa amekunjua mbawa, mgongo ukielekea jua, anatandaza kivuli kwa makusudi. Akiruka kwa kuogopa mtu, kinda hubaki kwenye jua kali la saa sita, na dakika chache zinatosha kuliua. Watu wengi hudhani adui mkubwa wa makinda ni mwewe au kunguru. Hao nao wamo, pamoja na kenge na korongo mfuko-shingo, na wote ni wepesi wa kutumia nafasi inayofunguliwa na binadamu. Lakini jua halina haja ya kuvizia.

Sababu ya pili ni ujirani wa viota. Makinda ya buabua yakitishwa hukimbia, na yakiingia eneo la jirani hudonolewa na wenye eneo, wakati mwingine hadi kufa. Makinda ya yangeyange na korongo hufanya vingine: hupanda matawi kabla miguu haijakomaa, huanguka, na aliyeanguka mara nyingi hatalishwa tena. Mara nyingi pia hutapika samaki waliolishwa punde. Mpiga picha anayeona matapishi chini ya mti anapaswa kujua kwamba amesogea kupita kiasi na kwamba mlo wa asubuhi nzima umepotea kwa sababu yake.

Umbali, kwa hiyo, huamuliwa na ndege wenyewe kabla ya kupimwa kwa mita. Kwa viota vilivyo mitini, mita 100 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa ndege wanaotaga chini, umbali uongezwe. Kutoka hapo mpiga picha husogea kidogo, husimama, hutazama. Dalili za onyo hutangulia kuruka: shingo zinanyooka kwa pamoja, kelele zinabadilika, anayeatamia anainuka nusu. Dalili ya kwanza ikionekana, hatua inayofuata ni ya kurudi nyuma. Lenzi ya milimita 400 hadi 600 ndiyo zana ya kazi hii. Asiyekuwa nayo aikodishe, au apige picha ya kundi zima ndani ya mandhari yake, ambayo mara nyingi huwa na maana kubwa kuliko uso wa kinda mmoja. Kuingia katikati ya viota kwa simu ya mkononi hakuna utetezi wowote.

Muda una uzito uleule. Hapa mahitaji ya ndege na ya picha yanakubaliana, jambo lisilotokea mara nyingi katika fani hii. Jua likishapanda, hewa juu ya tambarare hutetemeka kwa joto na kuharibu ukali wa picha iliyopigwa kwa lenzi ndefu, hata kamera iwe ya bei gani. Weupe wa yangeyange nao huungua na kupoteza alama za manyoya. Wakati unaofaa ni baada ya baridi ya alfajiri kupungua hadi kama saa tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni, na kuondoka mapema ili wazazi watulie kabla ya giza. Dakika ishirini mahali pamoja zinatosha, isipokuwa kama kuna kibanda cha kujifichia kilichojengwa kabla ndege hawajataga. Flashi haitumiki. Majani au tawi linaloziba kiota halikatwi, kwa kuwa ndilo kivuli na ndilo maficho.

Usalama wa mpiga picha mwenyewe husahaulika kwa urahisi. Leslie Brown, afisa kilimo aliyefanya kazi Kenya, aliyaona mazalia ya heroe wa Natron kutoka angani mwaka 1954. Alipojaribu kuyafikia kwa miguu, tope la magadi lilimchoma miguu vibaya hadi akalazwa hospitalini. Wembere na Bahi hazina magadi ya namna hiyo, lakini zina udongo mweusi unaomeza magari wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndio wakati wa viota. Dereva anayeifahamu njia na mvuvi anayelifahamu ziwa ni sehemu ya timu. Malipo yao yanakubaliwa kabla ya safari, na anayetaka kutajwa jina kwenye maelezo ya picha hutajwa.

Upande wa sheria unahitaji kufuatiliwa ofisini kabla ya kupakia vifaa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 humlinda mnyamapori pamoja na mayai yake, hivyo kuinua yai au kushika kinda ili picha ipendeze si suala la ladha tu. Ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, upigaji picha wa biashara unahitaji kibali cha mamlaka husika, iwe TANAPA au TAWA, na filamu ina utaratibu wake kupitia Bodi ya Filamu. Nje ya hifadhi, mtu wa kwanza kuonwa ni mtendaji wa kijiji. Palipo na kikundi cha usimamizi wa uvuvi, nacho hujulishwa. Barua yenye muhuri huzuia maswali mengi mwaloni. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, lakini idhini hiyo inahusu anga tu na haimwambii ndege kiotani kwamba kinachovuma juu yake si tai. Juu ya viota vyenye mayai au makinda machanga droni isirushwe, hata kama kibali kipo.

Wavuvi na watoto wanaoonekana kwenye fremu wana haki zao pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeufanya uungwana wa zamani kuwa wajibu, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa, na matumizi yatajwe: kalenda, tangazo au gazeti.

Baada ya safari unabaki uaminifu wa meza ya kazi. Maelezo ya picha yataje aina ya ndege kama inajulikana kwa hakika, mwezi na mkoa. Jina la mti, ghuba au kisiwa hasa liachwe kwenye kumbukumbu za ofisi, na alama za mahali zinazohifadhiwa na kamera ndani ya faili zifutwe kabla ya kutumwa, kwa kuwa makundi ya watazamaji na waokota mayai husoma picha kama ramani. Kinda aliyepigwa picha akiwa kwenye uangalizi wa binadamu asiandikwe kuwa wa porini. Picha ya Natron isiuzwe kama ya Singida. Wapo wanaojua rangi ya maji ya sehemu hizo mbili, na mara nyingi ndio wanaotia saini hati ya malipo. Mkataba nao useme wazi hakimiliki ni ya nani na picha itatumika mara ngapi, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humsaidia zaidi mwenye maandishi mkononi.

Liko jambo moja linalowahusu waagizaji. Ofisi nyingi hukumbuka kalenda ya mwaka ujao kuanzia Oktoba, wakati nyanda za kati ni kavu na viota vingi ni vitupu. Kwa sehemu kubwa ndege wa majini hapa hufuata mvua, na makinda hutarajiwa zaidi katika miezi ya mwanzo wa mwaka hadi mvua zinapoisha. Agizo linalotaka kinda ndani ya wiki mbili za Novemba humsukuma mpiga picha mahali pabaya: ama akimbilie kiota chochote kilichobaki na kukikaribia kupita kiasi, ama alete picha ya kwingine kwa jina la hapa. Maofisa mawasiliano wa wizara, halmashauri na taasisi waombwe kutoa maagizo haya kabla ya Januari, kwa kalenda ya mwaka unaoufuata msimu huo wa mvua, na mpiga picha aliyepokea agizo lililochelewa alikatae kwa maandishi akieleza msimu.