Istilahi "Kanieneo" na Tindo ya Mchimbaji wa Macalder

Istilahi "kanieneo" ni nomino ambatano yenye vijenzi viwili: kani na eneo. Inaizidi "shinikizo", ambayo humwelekeza msomaji kwenye msukumo pekee. Hata hivyo, inavitaja vijenzi bila kudhihirisha uhusiano wavyo. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba eneo likipanuka, kanieneo nayo huongezeka, ilhali hali halisi ni kinyume.

Tutazame machimbo ya dhahabu ya Macalder, Migori, ambako wachimbaji wadogo huuvunja mwamba kwa nyundo na tindo. Tuchukulie kwamba pigo moja lina kani ya nyutoni 2,000. Ncha kali ya milimita mraba 20 huukandamiza mwamba kwa paskali milioni 100. Ncha hiyo ikifubaa na kufikia milimita mraba 80, kanieneo hushuka hadi paskali milioni 25, ingawa jasho la mchimbaji ni lile lile. Ndiyo sababu tindo hunolewa.

Hivyo basi, kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Fasili ya kamusi na somo la darasani havina budi kukitaja kitendo hicho cha kugawanya, kwani umbo la neno halikibebi.